Sema Kwanza, Ndipo Utumbukize

Mfuko wa kulia wa kaptula yake haukukosa misumari, na mfuko huo ulishonwa na kushonwa tena mpaka ukawa mgumu kuliko kaptula yenyewe. Ulimsikia kabla hujamwona. Watu wa Kilwa Kivinje walimpachika jina la Mwalimu Nsumari, kwa kuwa alikuwa Mmakonde kutoka Newala na ulimi wake ulilitamka neno hilo kwa namna ya kwao. Jina hilo alilijua. Siku moja sokoni alimsikia muuza pweza akimwigiza, akageuka, akachomoa msumari mmoja na kumwonyesha. "Wewe unalisema vizuri," alimwambia, "lakini nsumari ninao mimi." Halafu akanunua pweza wake bila kinyongo.

Ukoo wake siujui, na mtu akinijia leo na habari za ukoo wake sitamsikiliza. Mji wetu ulikuwa ukiuliza ukoo kwanza na mengine baadaye, naye desturi hiyo aliichukia waziwazi. Ninachojua ni kwamba alitufundisha sayansi katika shule ya kati, zama zile bendera ya Mwingereza ilipokuwa ikipepea bomani, na sisi wasichana darasani tulitosha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

Ukutani, upande wa mlango, aliandika kwa mkaa majina ya metali, moja juu ya jingine. Magnesi ilikuwa juu kabisa, ikafuata alumini, kisha zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, na dhahabu chini kabisa karibu na sakafu, ambako kuku walipita. Alikuwa akiiita safu. Kanuni yake ilikuwa fupi: metali iliyo juu ikikutana na chumvi ya metali iliyo chini yake, huifukuza kutoka kwenye chumvi hiyo na kukaa mahali pake. Iliyo chini haina ubavu wa kuiondoa iliyo juu.

Mrututu tuliujua sote. Ni ile dawa ya bluu ya vidonda iliyouzwa dukani kwa Mhindi, na hakuna mtoto wa Kivinje ambaye hakuwahi kulia kwa ajili yake. Mwalimu alitufundisha kwamba ndani ya mrututu mna shaba. Ukoroge kwenye maji, tumbukiza msumari, subiri kidogo, na msumari utatoka umevaa shaba nyekundu huku maji yakipoteza ubluu. Chuma kimeingia majini, shaba imetolewa nje. Lakini geuza mambo, tumbukiza waya wa shaba kwenye maji ya chumvi ya chuma, na unaweza kukaa hapo mpaka adhana ya adhuhuri bila kuona lolote.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hukuruhusiwa kutumbukiza kitu kabla ya kusema. Ulisimama, ukatazama safu, ukasema kama patatokea kitu au hapatatokea, na kwa nini. Ndipo ukatumbukiza. Aliyekosea hakuchapwa. Alitakiwa aseme kwa sauti ya kusikika, "Nimekosea, na sababu ni hii." Kama sababu hakuijua alisema, "Nimekosea, na sababu sijaijua," akakaa. Aliyeonja fimbo ni yule aliyebadilisha jibu baada ya kuona. Huyo Mwalimu alimwita mnajimu wa jana, na jina hilo liliuma kuliko fimbo.

Mambo haya hayakukosa kuzua maneno. Maalim wa chuo, aliyetusomesha Kurani sote, aliambiwa kwamba Mkristo yule wa bara anawafundisha watoto wa Kiislamu kutabiri, hali ya kuwa ghaibu anaijua Mungu peke yake. Akafunga safari mpaka darasani. Mwalimu alimpa kiti chake, yeye akabaki amesimama.

"Nasikia hapa mnapiga ramli, mwalimu."

"Shikamoo, maalim. Mpiga ramli hulipwa, tena hakosei. Hawa hawalipwi, na wanakosea kila siku. Kaa uwaone."

Akakaa. Ikawa zamu ya kijana mmoja mwenye haraka, akasema waya wa shaba utaitoa zinki. Waya ukatumbukizwa, ukakaa majini umetulia. Yule kijana akasimama akasema, "Nimekosea, na sababu ni kwamba shaba iko chini ya zinki na mimi nimeisoma safu kichwa chini." Maalim alicheka mpaka kofia ikamwegemea sikioni. Alipokuwa akitoka alituambia, "Huyu si mpiga ramli. Mpiga ramli angekwambieni zinki imeshatoka, ila nyinyi hamna macho ya kuiona."

Kwa Bwana Elimu haikuwa rahisi namna hiyo. Bwana Elimu ndivyo tulivyomwita Mwingereza aliyekuja kutoka Lindi kukagua shule. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akaitazama ratiba iliyobandikwa mlangoni.

"Kemia ni kazi ya sekondari," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Hapa pameandikwa Kilimo."

"Hiki ni kilimo, bwana. Mrututu hupigwa kwenye mimea. Wakiuchanganya kwenye ndoo iliyopakwa zinki, dawa inaharibika na ndoo inatoboka. Nawafundisha wasitoboe ndoo za serikali."

Bwana Elimu akaelekeza fimbo yake karibu na sakafu. "Na dhahabu? Dhahabu nayo ni kilimo?"

"Dhahabu iko chini kabisa, bwana. Hatujafika."

Hatukuthubutu kucheka mpaka gari lilipoondoka. Iliachwa amri kwamba ukuta ule upakwe chokaa. Mwalimu aliitii, tena kwa bidii, akaupaka mwenyewe mara ya kwanza na ya pili. Jumatatu tulipoingia tulimkuta na mkaa mkononi, safu imerudi mahali pake. "Chokaa imesaidia," alisema. "Zamani ilikuwa haisomeki vizuri." Mjini walimtikisia kichwa, wakamwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Aliwajibu kwamba Idi si sikukuu yake, kwa hiyo atafaidi siku yoyote.

Nampenda kwa jambo hilo hata sasa, na sioni haya kulisema. Tulizaliwa ndani ya safu nyingine ambayo hakuna aliyetuonyesha imeandikwa wapi. Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, sisi chini. Halafu sisi wenyewe, kana kwamba hiyo haitoshi, tukapanga yetu: mwungwana wa Kivinje juu ya mtu wa Njinjo, mtu wa Njinjo juu ya Mmakonde, na mwanamke chini ya wote hao, karibu na kuku. Mwalimu hakuhutubia juu ya mambo haya. Aliyasema mara moja tu, akifuta mkaa vidoleni. "Safu ya ukutani ukiibishia, tunatumbukiza tuone. Ile ya serikali ukiibishia, wanakutumbukiza wewe."

Usidhani alikuwa malaika. Huyu aliyetufundisha kukiri makosa, kwenye bao hakuwahi kukiri hata moja. Akifungwa alisema ubao umekaa upande, au kete zimelowa, au mpinzani anahema sana. Alichukia watu kupangwa madaraja, lakini mtoto aliyempita bila shikamoo alirudishwa mwanzo wa njia aanze upya. Alizicheka hirizi zetu, na mkononi mwake mwenyewe alivaa bangili ya shaba kwa ajili ya maumivu ya viungo. Tukamuuliza shaba inaingiaje mwilini wakati iko chini namna ile. Aliitazama bangili kama ndiyo kwanza aione. "Haiingii," alisema. "Alinivisha mama yangu." Na hapo mjadala ukafungwa.

Bibi yangu, mama yake baba, alimpenda kabla ya kuamua kumpenda. Nyumba tuliyokaa ilikuwa yake, na ulimi pia ulikuwa wake. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ufuta na nta kutoka Njinjo, mtu wa heshima, mwenye kauli moja. Akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana ilibidi utafute nyumba nyingine ya kuulizia.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama ilivyokuwa desturi. Mwali hatoki, haonekani, hasikiki na mwanamume asiye wake. Posa ilikwisha kuletwa kutoka Lindi, na baba aliipokea kwa furaha. Kulikuwa na mtihani wa kwenda chuo cha ualimu cha wasichana, na nilikuwa nimejiandaa nao kwa miaka. Ndoa na mtihani vyote vilikuwa mbele yangu, na ndoa ilikuwa karibu zaidi. Nililia siku za mwanzo. Baadaye niliacha kulia nikawa na hasira tu, na hasira ilinifaa zaidi.

Basi alasiri moja nikasikia misumari barabarani.

"Hodi."

"Karibu," Bibi alisema. Alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umemfuata mwali, mwali haonekani."

"Sikumfuata mwali. Nimekuja kukusalimu wewe." Akakaa ukingoni mwa kibaraza, akaongea habari za mvua na bei ya mchele. Halafu kwa sauti ya kawaida akasema, "Bibi, nikichukua zinki, lile ganda la betri ya tochi, nikalitumbukiza kwenye mrututu, itakuwaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Pengine wa ndani wanajua."

Bibi akaacha kuchambua. Kisha nikamsikia anaguna, lile guno lake la kukubali jambo asilotakiwa kulikubali. Akageuza uso kwenye pazia la mlango. "Nyie wa ndani! Mgeni anauliza ganda la betri!"

Nilikuwa nimeshakaa nyuma ya pazia. Nikamnong'oneza: zinki iko juu ya shaba, shaba itatoka, tena upesi kuliko kwa msumari, na maji yatapoteza rangi. Bibi akayapeleka maneno yangu, akiongeza chumvi yake. "Wanasema shaba itafukuzwa mbiombio, na wanasema huo mrututu si wa kuchezea, una bei."

Ndivyo masomo yangu yalivyoendelea. Alikuja mara kwa mara, hakuniona, hakunisemesha, hakutaja jina langu. Desturi haikuvunjwa hata ukingo. Bibi alikuwa anauliza na kujibu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubeba mzigo asioujua, akaanza kuijua safu. Siku alipoambiwa dhahabu iko chini ya wote aligoma kuendelea. Alikuwa na kipini cha dhahabu puani tangu harusi yake.

"Dhahabu iwe chini ya msumari?"

"Haimfukuzi mtu, bibi, wala haijisumbui na mtu. Ndiyo maana haishiki kutu."

Bibi akakigusa kipini chake. "Kumbe mvivu kuliko wote ndiye tuliyemweka puani," alisema, akacheka peke yake mpaka jioni.

Siri ya kibarazani haidumu. Ijumaa moja baba alirudi msikitini na wenzake, akamkuta Mwalimu ameketi na Bibi yuko katikati ya kupeleka jibu langu.

"Mwalimu, mwanangu ni mwali. Hazungumzi na wanaume."

"Sijazungumza naye, mzee. Nazungumza na mama yako."

Wazee wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Baba hakuwa mtu wa kuchekwa mlangoni pake. Akaketi, akavua viatu taratibu.

"Hiyo safu yako wanayoisema watoto. Haikosei?"

"Mbele yangu haijakosea."

"Nikiikuta imekosea, hutakanyaga tena kibaraza hiki, wala mwanangu hatasikia tena habari za shule."

"Na isipokosea, mzee, mwanao afanye mtihani. Na posa isubiri."

Wazee waliacha kucheka. Baba aliwatazama mmoja mmoja, akaona wamesikia. "Haya," alisema.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Maisha yangu yote yalikuwa yamewekwa pale kibarazani, na sikuulizwa.

Baba hakuwa mjinga. Alijua misumari na betri zimekwisha kujaribiwa. Akaagiza iletwe sufuria mpya ya alumini aliyomnunulia Bibi, nyepesi, inayong'aa. "Mmesema alumini iko juu ya shaba. Tieni mrututu humu."

Mwalimu alikawia kujibu. Nilimjua, na kukawia kule kulinitia baridi. "Alumini sijawahi kuijaribu," alisema. "Sufuria za watu siharibu. Lakini safu inasema. Waulizeni wa ndani."

Bibi akaniuliza. Nikasema lililoandikwa ukutani: alumini itaitoa shaba.

Wakamimina. Wakasubiri. Maji ya bluu yalikaa ndani ya sufuria kama yaliyomo kwenye bakuli la kauri. Wazee wakakohoa, mmoja akaomba kahawa. Wakaletewa kahawa, wakanywa, na sufuria ikabaki inang'aa vilevile.

Mwalimu akasimama. Alikunja mikono nyuma kama tulivyokuwa tukifanya darasani. "Tumekosea," alisema, "na sababu sijaijua." Akamwamkia Bibi, akashuka kibarazani. Nikasikiliza misumari yake mpaka ilipopotea kwenye kona ya soko.

Sikulaumu safu. Nililaumu kila mtu mwingine.

Sasa Bibi alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona, na dawa yake ilikuwa ileile ya mabibi wote wa pwani: mrututu na chumvi ya kupikia, kwa maji ya vuguvugu. Asubuhi yake, kwa kuwa aliona dhambi kumwaga mrututu uliokwisha kununuliwa, akatia chumvi palepale kwenye sufuria ili aoshe mguu. Halafu akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Sufuria ilikuwa inachemka bila moto. Povu lilipanda, kitako chake kilishika joto, na ndani mlijaa kitu chekundu chenye chengachenga kama tope la mfinyanzi. Bibi alidhani ni jini. Mimi nilichukua kijiti nikakichota kile chekundu, nikakijua. Ilikuwa shaba. Kabla maji hayajapoa yakaanza kuvuja. Sufuria mpya ilikuwa imetoboka matundu.

Nilikaa sakafuni pale jikoni nikawaza. Jana alumini ilikaa kimya, leo imekula kila kitu. Kilichoongezeka ni chumvi tu. Na chumvi yenyewe, kwa safu, hainyang'anyi shaba kwa mtu. Basi chumvi haikuifukuza shaba. Ilimfungulia mlango aliyekuwa na nguvu ya kuifukuza tangu jana. Alumini ina ngozi. Ngozi nyembamba, isiyoonekana, inayoizuia isiguse maji. Chumvi inaichana ngozi hiyo. Nilipofika hapo nilisimama, nikaanza kutembea huku na huko, na Bibi akanisomea Ayatul Kursi akidhani jini limehamia kwangu.

Nikamweleza. Aliniangalia, akaiangalia sufuria, akavaa buibui. Akaitia ile sufuria iliyotoboka kwenye kikapu, akaenda nayo shuleni mwenyewe na mguu wake mbovu.

Mwalimu, alivyotusimulia Bibi, aliishika sufuria ile na kulitazama jua kupitia matundu. Machozi yalimlengalenga. Lakini Bibi aliposema waende wakamwonyeshe baba, alikataa.

"Hii haihesabiki, bibi. Imeshatumbukizwa. Tukienda nayo tutakuwa wanajimu wa jana."

"Mwanangu wee, mjukuu wangu anaolewa!"

"Najua. Mwambie aseme jambo ambalo hajaliona bado, yeye wala mimi wala wewe. Alisemee mbele ya watu walewale. Kisha tutumbukize."

Bibi alirudi amekasirika, akanipa maneno hayo kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Nami nilikasirika. Kisha hasira ilipopungua nikaona ana haki, na nikaanza kulitafuta jambo hilo. Halikuwa mbali. Nililisikia likipiga nyuma ya nyumba usiku na mchana.

Ijumaa iliyofuata wazee walipoketi, Bibi alitoka akasimama mlangoni. Alimwambia baba kwamba ndani kuna neno la kusema. Baba akamjibu kwamba maji yakishamwagika hayazoleki. Neno lilikwisha semwa.

"Nyumba hii nani aliijenga?" Bibi aliuliza.

Hakungoja jibu.

"Baba yako na mimi. Basi nyumba yangu ina neno. Nenda ukamwite mwalimu."

Baba angeweza kukataa, na sijui mpaka leo kwa nini hakukataa. Labda ni kwa sababu wazee walikuwa wanatazama. Labda alikwisha kuiona sufuria yake ina matundu na akataka kujua. Mwalimu aliitwa, akaja, hakupanda kibarazani. Alisimama chini, barabarani, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Niliomba masufuria mawili ya alumini kutoka kwa jirani. Na safari hii sikunong'ona. Nilisema mwenyewe, nyuma ya pazia, sauti yangu ikitetemeka kisha ikaacha kutetemeka.

"Yote mawili yatatiwa mrututu. Katika la kwanza utakorogwa kwa maji ya kisima, na sufuria haitafanya kitu, kama wiki iliyopita. Katika la pili utakorogwa kwa maji ya bahari. Hilo litachemka bila moto, shaba itatoka nyekundu, na sufuria itaharibika. Sijawahi kuona. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuona. Sababu ni kwamba alumini ina ngozi, na bahari ina chumvi ya kuichana. Nikikosea, nitasema nimekosea, na nitaolewa."

 Mmoja wa wazee, yule aliyekuwa akiomba kahawa, akachukua ndoo akaenda pwani mwenyewe, kanzu ameishika mkononi.

Wakamimina. Sufuria la maji ya kisima likakaa kimya. La maji ya bahari nalo likakaa kimya, na nilishika pazia nikahisi uzi wake unakatika vidoleni. Halafu mzee mmoja akasema, "Linatoa vipovu." Mwingine akaligusa ubavu, akautoa mkono haraka. Wekundu ulianza pembeni ukatambaa mpaka kati.

Baba aliinama juu ya masufuria yale mawili muda mrefu. Aliponyooka hakunitazama, maana nilikuwa nyuma ya pazia, na hakumtazama Mwalimu. Aliwatazama wenzake. "Nilimkosea mtoto," alisema, "na sababu ni kwamba sikumsikiliza." Sijui kama alijua kwamba anatumia maneno ya darasa. Kisha akamwambia Mwalimu, "Panda, uketi."

Nilifanya mtihani. Posa ya Lindi ikapata mwenyewe, na nasikia walizaa watoto wengi wazuri. Mwalimu alihamishwa kabla sijamaliza chuo. Wengine walisema ni kwa ajili ya ukuta, wengine walisema ni kawaida ya serikali. Mimi najua ni ukuta.

Nilimwona mara ya mwisho Kitomanga, ambako alikuwa ameacha ualimu akalima muhogo na kupanda mikorosho. Mimi nilikuwa mwalimu Lindi, katika shule ya wasichana, na nilikwenda kwake nikiwa nimechafukwa moyo. Nilimkuta uani anabangua korosho juu ya jiwe. Nywele zilikuwa nyeupe, macho yameingia ukungu, bangili bado iko mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Alumini."

Akaacha kubangua. Tangu siku ile ya sufuria hakuniita jina jingine. Akacheka kicheko cha kifua kibovu, akasogeza kigoda. Aliuliza habari za Bibi, nikamwambia ametangulia mbele ya haki, na alizikwa bila kipini, kakiacha kwangu. Alitikisa kichwa kwa heshima.

Halafu nikamwambia kilichonileta. Mkuu wetu mpya wa shule, mama wa Kiingereza mpole mwenye sauti ya upole, alinikuta nafundisha metali. Alinieleza kwa upole uleule kwamba wasichana hawa watakuwa mama wa nyumbani, kwamba kipindi kile ni cha ushonaji, na kwamba nikiendelea ataandika kwa wakubwa. Nina barua ya ajira ya serikali, nilimwambia Mwalimu. Nina wadogo ninaowasomesha. Nifanyeje?

Alibangua korosho moja, akaipuliza, akanipa niile.

"Unaniuliza kabla ya kutumbukiza au baada?"

"Kabla."

"Basi unaniulizia nini? Simama useme."

Nilikuwa mwanamke mzima, nina mkoba mkononi. Nilisimama katikati ya ua ule, kuku wananizunguka miguuni, nikakunja mikono nyuma.

"Nitafundisha metali," nilisema. "Watanikataza. Nitafundisha tena. Huenda wakanihamisha kama walivyokuhamisha wewe."

"Sababu?"

"Wasichana wangu wanakaa kimya darasani, na yule mama anadhani hawana kitu ndani. Mimi nimekaa kimya namna ile. Najua kilichomo."

Mwalimu aliyageuza macho yake yenye ukungu upande wangu, na sina hakika aliona nini. Akaingiza mkono mfukoni. Nilisikia mlio ule. Akachagua msumari mmoja kwa kuupapasa, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Haya," alisema. "Tumbukiza."

Jumatatu niliandika Ushonaji kwenye ratiba, nikaibandika mlangoni kwa msumari ule, halafu nikachukua mkaa.